Usimpe Mwinyi ile regulata

Yakhe Makame,

Assalaam alaykum. Natumai hamjambo nyote, na bibi mguu wake umepata nafuu. Mie mzima, ila midomo imepasuka. Naandika mbio mbio kwa sababu nimesikia Mwinyi anasafiri Jumamosi na wewe umeshamfungia ile regulata yangu, kile kifaa cha kupumulia chini ya maji, aniletee. Usimpe. Itoe begini leo hii, kisha ndiyo uendelee kusoma.

Jumapili nilikwenda kuzamia Stoney Cove, huku Uingereza. Palikuwa machimbo ya mawe, kazi ikasita mwaka 1958, maji ya chemchemi yakalijaza shimo. Usinicheke, hapa bahari iko mbali kila upande, watu wanazamia shimoni. Maji nyuzi 5. Tano, Makame! Wewe ukikuta 25 pale Mnemba unalalamika wiki nzima.

Unavaa suti isiyoingiza maji, ndani yake manguo mazito ya kulalia, glavu, kofia ya mpira, na kiunoni vipande vya uzito vya madini ya risasi, vya kutosha kuzamisha ngalawa. Suti nayo unaitia hewa kutoka mtungi ule ule unaopumulia. Hapo ndipo shughuli ilipoanza.

Tulikuwa tunateremkia Stanegarth, tagi (boti ya kuvutia meli) waliyoizamisha kwa makusudi mwaka 2000 ili wazamiaji wapate cha kutazama. Kwenye mita 18 hivi nikabonyeza kitufe kuitia suti hewa huku navuta pumzi. Regulata ikaanza kumwaga hewa, haisiti. Mapovu uso mzima, sioni hata mkono wangu, na mshale wa geji ya hewa unashuka hivi hivi nautazama. Mwenzangu, bimkubwa mmoja wa Kiskoti asiye na maneno mengi, akanipa mdomo wake wa akiba, akapitisha mkono kisogoni kwangu, akaufunga mtungi. Kelele zikakatika. Tukapanda taratibu, tukasimama mita 6 kwa dakika 3, nami natetemeka mpaka meno yanautafuna mpira.

Shinikizo la hewa likishuka ghafla kutoka bar 200 hadi kumi na kitu, hewa inapoa chini ya sifuri. Maji yaliyo kwenye springi yanaganda, vali inabaki wazi. Regulata za baridi springi zake zimezibwa, maji hayazigusi. Hii niliyokodi imechongwa ubavuni EN 250 >10°C, maana yake si ya maji yaliyo chini ya nyuzi 10. Nilipoirudisha, kijana wa dukani ananambia eti wateja wengine hawakulalamika. Labda wale wa Agosti, wakati wa joto huku!

Sasa, ile iliyoko kwako ni toleo hilo hilo. Ifute chumvi uitazame, alama utaiona. Huko haina kosa hata kidogo, itumie wewe, na ile yako inayovuja mpelekee fundi kabla hujamtia mgeni maji ya tumbo. Mie nitanunua ya baridi hapa hapa. Bei sikuandikii, mama akiisikia atahesabu mbuzi.

Badala yake mpe Mwinyi hiliki na tangawizi kavu. Nilipotoka majini wenzangu walikuwa wanakula mikate ya nguruwe, nami nikaambulia chai, maji ya moto na maziwa basi. Kwa baridi ile nililia kimoyomoyo.

Nitarudi, inshallah, regulata mpya ikifika. Ile tagi sijaiona hata dirisha lake.

Haya, nijibu: kompresa imepona au bado mnakwenda kujaza mitungi kwa jirani? Mashine ya boti je? Kaskazi hii maji meupe? Kasa wameonekana? Yule mgeni aliyeondoka bila kulipa, mlimpata? Na Mwinyi ana koti, au anakuja na kanzu yake ile ile? Mwambie avae soksi mbili tangu uwanja wa ndege. Begi umeshalifungua?

Wako,
Haji