Mume wangu hakuchelewa hospitali

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, huu mwaka wa 27, na utabibu sijausomea. Ila kila ikifika tarehe 4 Februari, Siku ya Saratani Duniani, nasikia redioni maneno yaleyale: wananchi mnachelewa, mnaanzia kwa waganga wa kienyeji, mnafika Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, ugonjwa uko hatua ya tatu na ya nne. Mwaka huu nimeshindwa kunyamaza. Mume wangu hakuchelewa. Alikwenda hospitali mara sita kati ya Oktoba 2021 na Agosti 2022, na mara tano alirudi nyumbani na mfuko wa dawa.

Wa kwanza kujua kwamba mwenzangu anapungua nilikuwa mimi, na sikujua kwa macho, nilijua kwa futi. Suruali ya Idd ya 2021 nilimkatia kiuno inchi 38. Mwezi wa kumi akaniletea niipunguze, nikaweka 36. Februari ikarudi tena, 33. Nikamtania, "Baba Rehema, unanifanyisha kazi za bure." Akacheka. Alikuwa mwashi, miaka 54, na wote tukasema ni jua la saiti.

Malalamiko yake hayakuwa na jina. Mwili mzito. Hamu ya kula hana. Tumbo linajaa gesi, siku mbili tatu, kisha linatulia kana kwamba halikuwahi kumsumbua. Akipanda jukwaa na ndoo ya zege, moyo unamwenda mbio mpaka aketi. Kikohozi hana, chooni haoni damu, uvimbe wa kumwonyesha mtu hana. Ukimwuliza unaumwa wapi, anajibu, "Mwili tu."

Na "mwili tu" kwetu ina majibu yake, kila msomaji anayajua: malaria, taifodi na UTI. Mara ya kwanza kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, akapewa mseto hivyohivyo, eti itakuwa imejificha. Mara ya pili taifodi, sindano siku tano. Mara ya tatu taifodi haijaisha, tena na UTI juu. Mara ya nne vidonda vya tumbo, vidonge vya mwezi mzima. Binti yetu ni muuguzi mkoa mwingine. Nilipomsomea daftari la baba yake kwenye simu alikaa kimya mpaka nikadhani salio limekatika. Akaniambia kile kipimo cha taifodi, Widal, ni cha tangu mwaka 1896, na kwa watu ambao vijidudu hivyo wamekutana navyo toka utotoni kinaweza kusema taifodi ipo wakati haipo. Nikaelewa kwa nini nusu ya mtaa wetu ina taifodi mwaka mzima.

Mara ya tano alidondoka saiti, bahati alikuwa chini na si juu ya jukwaa. Kiwango cha damu kilikuwa 6.2, chini mno. Akalazwa, akaongezewa chupa mbili, akaruhusiwa na vidonge vyekundu vya kuongeza damu na ushauri wa kula matembele na maini. Nikamchemshia rozela kila asubuhi. Damu ikapanda, ikashuka tena. Hapa ndipo panaponiuma kuliko kote. Mwanamke akipungukiwa damu ataulizwa hedhi, ataulizwa mimba. Mwanamume wa miaka 54, hana jeraha, hana hedhi, damu yake inakwenda wapi? Mimi kitambaa kikipungua mita mbili dukani kwangu siendi kununua kingine kabla sijajua kimetokea mlango gani.

Kwa mganga tulikwenda pia, sitaficha, mashemeji walishikilia. Lakini tulikwenda baada ya kufika hospitali mara ya tano, si kabla ya mara ya kwanza. Na nitasema jambo litakalowaudhi watu: yule mzee alimkalisha mkekani karibu saa nzima. Imeanza lini? Nyama uliacha kuitamani lini? Usiku unatoka jasho? Choo unapataje? Maswali hayo hospitali hakuna aliyemwuliza. Basi tu jibu la mzee likawa jini.

Mara ya sita tulibadilisha hospitali. Ilikuwa usiku, zamu ya daktari kijana aliyekuwa bado kwenye mafunzo kwa vitendo. Hakuanza kuandika vipimo. Aliomba daftari. Lilikuwa daftari la shule la kawaida, jalada limechakaa, limelowa mafuta ya cherehani yangu pembeni. Akalifungua mwishoni akawa anarudi nyuma ukurasa mmoja mmoja, na kila ukurasa ananukuu namba moja kwenye kipande cha karatasi. Alipomaliza akazipanga kuanzia ya kwanza: 79, 76, 74, 70, 67. Ulikuwa uzito wa mume wangu. Kila tulipofika, wauguzi walimpandisha kwenye mzani na kuandika kwa uaminifu kabisa, juu kulia, kando ya presha. Namba zote zilikuwepo. Hakuna aliyefunua ukurasa wa nyuma. Akampima usiku ule, 65. Kilo 14 zimeondoka tunaziandika wenyewe.

Akamlaza kitandani, akambonyeza tumbo polepole, alipofika chini upande wa kulia akasimama, akarudia. Kesho yake choo kikapimwa kama kina damu isiyoonekana kwa macho. Ilikuwemo. Baada ya hapo rufaa, kipimo cha kamera, kukatwa kinyama. Majibu ya kinyama tuliyasubiri siku 26, maana wataalamu wa kuvisoma ni wachache na foleni ni ndefu. Saratani ya utumbo mpana, na siti skani ikaonyesha imeshafika kwenye ini.

Tulielezwa kwamba uvimbe wa upande ule wa kulia ndiyo tabia yake. Choo hapo bado ni majimaji, kinapita, utumbo hauzibi mapema. Uvimbe unavuja damu kidogokidogo, na kinachomfikisha mgonjwa hospitali ni uchovu. Kwa hiyo mume wangu hakuwa na ugonjwa wa ajabu. Alikuwa na ugonjwa unaofundishwa chuoni.

Nisieleweke vibaya. Tabibu wa zahanati ana foleni mpaka nje ya uzio, na wengi wanaomjia na uchovu kweli hawana saratani. Hatuwezi kumpeleka kila aliyechoka kwenye siti skani. Binti yangu anasema hata Uingereza jambo hili limewasumbua. Mwongozo wao wa 2015 uliwataka madaktari wa mitaani wampe rufaa ya haraka mgonjwa ambaye dalili zake zinaonyesha uwezekano wa saratani kufikia hata watatu tu kati ya 100. Na kwa wale ambao dalili zao hazielekezi kiungo chochote, wamewafungulia kliniki za peke yao, wakiiga Denmark waliotangulia. Huko mtu anaweza kupelekwa kwa sababu amekonda bila maelezo na daktari wake hajaridhika. Wengi wanaopelekwa hawakutwi na saratani.

Sisi kampeni tunazo, na nzuri. Matiti wanapima, mlango wa kizazi wanapima, chanjo ya HPV, ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, wasichana wanapewa tangu 2018, mpwa wangu mmoja kachanjwa shuleni kwao. Lakini saratani ya "mwili tu" haina hema viwanjani. Makadirio ya mwaka 2020 yalitaja wagonjwa wapya wa saratani zaidi ya 40,000 nchini kwa mwaka. Hao wote hawakuanza na uvimbe wa kushikika.

Ninachoiomba Wizara ya Afya hakihitaji mashine. Pale uzito wa leo unapoandikwa, uandikwe na wa mara iliyopita, uwe kando yake, tabibu auone bila kufunua. Mtu akirudi mara ya tatu na malalamiko yaleyale, asipewe dawa ya tatu, apandishwe ngazi, na kwenye barua ya rufaa tabibu aandike bila aibu "hatujajua". Na mwanamume mtu mzima, au mama aliyekoma hedhi, akikutwa na upungufu wa damu, choo chake kiulizwe na kipimwe, vidonge vyekundu visiwe ndiyo mwisho wa safari. Kipimo cha choo chenyewe kilitugharimu pesa kidogo kuliko zile sindano za taifodi.

Mume wangu alifanyiwa upasuaji. Niliuza mashine yangu ya ovaloki kulipia dawa za dripu. Alifariki Oktoba 2023.

Yule daktari kijana alimaliza mafunzo yake, sijui alipangiwa wapi. Daftari ninalo, lipo kwenye droo ya cherehani pamoja na futi. Mtu wa Wizara akitaka kuliona anakaribishwa, ila aje na miwani, maana namba ni ndogo. Ziko juu kulia.

Fundi cherehani,
Morogoro
(Jina limehifadhiwa)