Mtaala mpya hufia njiani

Mhariri,

Msomaji mmoja aliandika katika ukurasa huu kwamba mitaala mipya hukwama kwa sababu walimu wamezoea chaki na ubao na hawataki kubadilika. Nimefundisha miaka mingi, kisha nikafanywa mwezeshaji wa semina za mtaala mpya, na sasa nimestaafu. Naomba nafasi nieleze nilichokiona nikiwa upande wa wanaoshika kipaza sauti.

Sisi wawezeshaji tulipewa mafunzo ya siku kumi. Tuliowafundisha walipata siku tano. Hao nao wakawapa wenzao siku mbili, na mwisho wa mnyororo, shuleni, mwalimu mmoja alisimama mbele ya wenzake waliochoka na vipindi vya siku nzima akawasomea kitini. Uji ule ule ulizidi kuongezwa maji kila mgeni alipobisha hodi. Miezi kadhaa baadaye mkaguzi akapita na kuandika kwamba walimu hawajauelewa mtaala.

Na hata katika zile siku kumi, tulifanya nini? Kwa sehemu kubwa tulikariri istilahi na kujifunza namna ya kujaza jedwali jipya la andalio la somo. Nakumbuka mwalimu mmoja, mama mtu mzima, alinyoosha mkono akasema: "Mwezeshaji, safu zote za jedwali nimezielewa. Sasa niambie, vikundi viwili vikimaliza kazi na vinne bado vinabishana, mimi nafanya nini?" Nikamjibu kuwa tutalirudia swali lake baada ya mapumziko. Hatukulirudia. Sikuwa na jibu, maana kipindi cha namna ile sikuwahi kukifundisha hata mara moja.

Mama yule hakuwa anapinga lolote. Alikuwa ameshakubali, akataka kujua kazi inafanywaje.

Haya si ya kwetu peke yetu. Afrika Kusini iliingiza mtaala ulioitwa Curriculum 2005 (mwaka uliolengwa uwe umeenea) katika darasa la kwanza mwaka 1998, kwa nia njema ya kuzika elimu ya enzi za ubaguzi wa rangi. Mwaka 2000 kamati iliyoongozwa na mtaalamu wa elimu, Linda Chisholm, iliuchunguza. Ilikuta lugha iliyosongwa na istilahi, mafunzo mafupi, zana chache na ratiba ya utekelezaji iliyokimbizwa. Lakini ilikuta pia kwamba mtaala wenyewe uliungwa mkono na wengi. Uelewa ndio uliokuwa wa juujuu. Hapo ndipo hoja ya msomaji wako inapovunjika: watu waliupenda, na bado ukawashinda.

Kuna jambo gumu zaidi, na ndilo linalonikosesha usingizi kuliko upinzani. Mwalimu anaweza kuamini kwa moyo wake wote kwamba amebadilika. Mwaka 1990 mtafiti Mmarekani, David K. Cohen, alieleza habari za mwalimu mmoja wa shule ya msingi California aliyeyapokea kwa furaha mageuzi ya ufundishaji wa hisabati. Zana mpya alizitumia, na wanafunzi aliwakalisha kwa vikundi. Ila vikundi vilimsaidia kugawa vifaa na kutunza nidhamu. Watoto hawakujadiliana hesabu, na mazungumzo yote yalipitia kwake. Aliyesoma habari ile akacheka, aende akaangalie kipindi chake mwenyewe kwanza. Mimi nilipoisoma niliona madarasa niliyoyasifu kwenye ripoti zangu. Madawati yamepangwa duara, mabango yamejaa ukutani, na mwalimu bado anauliza swali lenye jibu moja na darasa linamwitikia kwa pamoja.

Kosa kama hilo halionekani na mtu aliye peke yake. Linaonwa na mwenzako aliyekaa nyuma ya darasa.

Wajapani wana desturi ya tangu karne ya 19, wanaiita jugyō kenkyū. Walimu wa shule moja huchagua jambo linalowatatiza wanafunzi, huandaa kipindi kimoja pamoja, mmoja wao hukifundisha na wengine hutazama. Wanachotazama ni wanafunzi: nani amekwama, wapi, kasema nini. Kisha hukaa wakakijadili kipindi, ambacho ni chao wote, kwa hiyo hakuna anayesulubiwa. Mtaala wa taifa unapobadilika, na huko hupitiwa kila baada ya miaka kama kumi, yaliyo mapya hujaribiwa kwa njia hiyo hiyo. Wala hawaharakishi: mtaala wa shule za msingi uliotangazwa mwaka 2017 ulianza kutumika kikamilifu mwaka 2020.

Nitaambiwa walimu hawana muda. Kweli hawana, kwa sababu hakuna aliyewatengea. Ratiba ya shule hupangwa na mwalimu mkuu, na nimeona shule ambako mkuu aliyejali alipata saa moja kila wiki kwa walimu wa somo moja kukaa pamoja. Nimeona pia ambako saa hiyo iligeuka kikao cha matangazo. Tofauti ilikuwa huyo mkuu, na kama yeye mwenyewe alikuwa amewahi kuingia darasani kutazama bila daftari la kutoa alama.

Kuhusu mitihani nitasema kwa ufupi kwa kuwa kila mtu anajua. Ukimwambia mwalimu afundishe watoto kufikiri, kisha ukampima kwa karatasi inayouliza majina na tarehe, atafundisha majina na tarehe. Ningekuwa yeye ningefanya vivyo hivyo. Karatasi ya mfano ya mtihani mpya ingepaswa kufika shuleni pamoja na kiongozi cha mwalimu, si miaka miwili baadaye.

Kwa hiyo wanaoandaa bajeti ya mageuzi yajayo ningewaomba wachukue sehemu kubwa ya fedha za kumbi, posho na fulana, waiweke kwenye saa hiyo moja ya wiki, na kwa mwezeshaji atakayerudi shule ile ile mara tano au sita kwa mwaka na yeye mwenyewe akashika chaki.

Na mama yule, kama bado yuko kazini na anasoma gazeti hili: nimelijaribu swali lako, kwa kuchelewa, katika darasa la rafiki aliyenikubalia niingie. Vikundi vilivyomaliza nilivipa kazi ya kutunga swali litakaloviumiza kichwa vingine. Mimi nikapita kwenye vile vinne nikisikiliza tu, nikaokota kosa moja na kulileta ubaoni bila kutaja limetoka wapi. Mara ya kwanza fujo ilinishinda. Mara ya tatu ilikubali.

Mwalimu mstaafu