Tuchapishieni saa za maji, skukuu tusibanane Nungwi

Mhariri, assalaam alaikum. Naomba nafasi kidogo kwenye safu ya barua manake hili jambo linaniuma na kila skukuu linajirudia. Watu wa mjini, ndugu zetu wanaovuka kutoka bara na wageni wa hoteli, wote wanakimbilia pahala pamoja, Nungwi kule kaskazini ya Unguja, siku moja, saa moja. Daladala za 116 za kwenda huko zinajaa mpaka watu wananing'inia, ukifika Nungwi huna hata pa kutandika mkeka, jua lishakuwa la utosi na watoto wanalia, halafu usiku hao hao wote wanateremka bustani ya Forodhani mjini kupanga foleni ya mishikaki na juisi ya miwa. Matembezi gani hayo?

Sababu tunaijua. Nungwi na Kendwa maji hata yakipwa hayendi mbali, unaoga saa unayotaka. Huku kwetu mashariki, Paje, Bwejuu, Jambiani, bahari inaondoka mpaka kule mwambani, mtu akija saa nne akakuta mchanga mtupu na kamba za mwani anaona kapoteza nauli yake bure, anageuza gari. Hakuna aliyemwambia asubiri tu, manake maji yana saa zake. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, asubuhi saa nne yanakuwa yamepwa na alasiri saa kumi yamejaa, halafu kila siku yanasogea mbele kama dakika 50 hivi, kwahivo baada ya wiki moja mambo yashageuka, saa nne ile ile ya asubuhi bahari imejaa.

Sasa angalieni skukuu zetu. Iddi ya mfunguo mosi, ile ya kumaliza Ramadhani, siku zote mwezi ni mchanga, basi ni bamvua, asubuhi kukavu na jioni bahari iko mlangoni. Kwahivo mtu asali, ale, atembelee jamaa zake, atoke mjini baada ya adhuhuri, akifika Jambiani anakuta maji yanapanda na pwani kuna nafasi tele. Iddi ya mfunguo tatu, ile ya kuchinja, inaangukia mwezi ukiwa wa siku kumi, maji yanajaa karibu na saa sita mchana, hapo toka asubuhi. Hii si elimu ya siri, wavuvi wetu wanaishi nayo.

Na hata yakipwa kuna raha yake jamani. Ndo saa utawaona kinamama wako kwenye mwani wao, wanafunga vipande kwenye kamba zilotandwa baina ya vigingi, na wengine na vijiti vyao wanachokoa pweza kwenye matundu ya miamba, na watoto wanaokota viti vya pweza, wale viumbe wa umbo la nyota, wanavirejesha majini. Vaeni viatu, msikanyage mwani wa watu, na picha muombe kwanza.

Kizimkazi pia yale yale, boti zinawazingira pomboo mpaka wanapiga mbizi wasionekane tena, mtu anarudi na picha ya migongo ya abiria wenzake. Na hapo hapo Dimbani kuna msikiti una maandishi ya Kikufi, hati ya zamani ya Kiarabu, ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, lakini wengi wanaupita tu wala hawaujui. Na Pemba ndo nisiseme, Vumawimbi ule mchanga wote na msitu wa Ngezi pembeni yake, unaweza kutembea usikutane na mtu, ila usivuke mkesha wa skukuu, bandarini Malindi hapo mjini hapapitiki.

Ombi langu kwako mhariri ni dogo. Saa za sala mnatuchapishia, wekeni na saa za maji kujaa na kupwa pembeni yake, kila wiki, na wiki ya skukuu muziweke ukurasa wa mbele. Majedwali yapo, ni kuyachukua tu na kuyaandika kwa saa zetu za Kiswahili ili hata bibi kizee awaambie wajukuu zake watoke saa ngapi.

Msomaji wenu,
Jambiani, Kusini Unguja