Niruhusu nipime mioyo ya wanafunzi wako

Mpendwa Mwalimu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Umeniuliza nina haja gani ya kupima mioyo ya watoto wanaocheza mpira jua zima bila kulalamika. Nakujibu kwa kirefu, kwa kuwa nataka uniruhusu niingie shuleni kwako.

Ugonjwa ninaoutafuta ni wa milango ya moyo, ile inayozuia damu isirudi nyuma, nao huanzia kooni. Mtoto anapata mafindofindo ya bakteria aitwaye streptokokasi, anasukutua maji ya chumvi, siku chache amepona na watu wamesahau. Lakini kwa baadhi yao kinga ya mwili hugeuka ikashambulia viungo na moyo. Ndiyo homa ya baridi yabisi. Ikijirudia, milango ya moyo huwa minene, hukakamaa, na damu huvuja kurudi ilikotoka. Hiyo homa huwapata hasa wa miaka 5 hadi 15, rika la wanafunzi wako. Wengi huletwa kwetu miguu imeshavimba, au ni msichana aliyebeba mimba ya kwanza na moyo wake umeshindwa kubeba damu iliyoongezeka. Inaniuma kila mara, maana hapo kinachobaki mara nyingi ni upasuaji, na upasuaji wa moyo haufanyiki hospitali ya wilaya.

Kusikiliza kifua hakutoshi. Mwaka 2007 zilichapishwa takwimu za watoto wa shule wa Maputo, Msumbiji. Waliogundulika na ugonjwa huu kwa kusikilizwa kifua, kisha wakathibitishwa, walikuwa kama 2 katika kila 1,000. Watoto walewale walipopimwa wote kwa altrasaundi, wakapatikana 30 katika kila 1,000. Hao wengine wangerudishwa darasani wakiambiwa ni wazima.

Siku hizi kuna altrasaundi ya mkononi inayounganishwa na simu. Mtoto analala ubavu wa kushoto, anapakwa geli, unaweka kifaa katikati ya mbavu, na kwenye kioo damu inaonekana kwa rangi inakoelekea. Haina mionzi wala maumivu. Muuguzi aliyefundishwa vizuri anaweza kuchuja watoto kwa kifaa hicho. Nasema kuchuja, kwa sababu hata mtoto mwenye afya huweza kuwa na mvujo mdogo usio na neno. Mwenye kutia shaka hupelekwa kwa bingwa wa moyo, na neno la mwisho ni lake.

Tena kuna dawa. Kaskazini mwa Uganda walifuatiliwa watoto 818 ambao ugonjwa wao ulikuwa bado mchanga. Nusu walichomwa sindano ya penisilini ya benzathini kila baada ya wiki 4, nusu hawakuchomwa. Baada ya miaka 2 ugonjwa ulikuwa umesonga mbele kwa watoto 3 waliochomwa, na 33 kati ya wale wasiochomwa. Ni dawa ya siku nyingi, Mwalimu, na imo kwenye zahanati nyingi!

Ndiyo maana sitaki kuja kupima tu. Kumwambia mama kwamba moyo wa mwanawe una kasoro, kisha tukampotezea, ni ukatili. Nikikuta mtoto mwenye ugonjwa, nitahitaji uwe na tarehe zake za sindano na unitumie ujumbe asipokwenda. Sindano hiyo inauma, wengi huikimbia kwa sababu hiyo. Tutaichanganya na dawa ya ganzi. Majina yabaki kwako na kwa wazazi. Na mtoto aliye katika hatua za mwanzo asizuiwe kucheza na wenzake, hakuna sababu.

Naomba unipe nafasi kwenye kikao cha wazazi, niwaeleze mwenyewe kabla hawajatia saini. Siku ya kupima nitahitaji chumba chenye pazia, kitanda au meza imara, na mwalimu wa kike wa kukaa na wasichana wakubwa. Nijulishe kikao ni lini, nibadilishe zamu yangu mapema.

Wako daima,
Rafiki yako muuguzi