Fidia ya jeraha inalipwa, kazi je?

Mhariri,

Kila ikifika tarehe 28 Aprili, siku ya usalama na afya mahali pa kazi duniani, na siku tatu baadaye Mei Mosi, lazima atasimama mtu jukwaani aseme wafanyakazi hawadai fidia za ajali kwa sababu hawana elimu. Tuelimishwe, semina ziongezwe, vipeperushi vigawiwe. Mi nimekaa kiwandani kama opereta na baadae nikawa mwakilishi wa wafanyakazi kwenye tawi letu la chama cha wafanyakazi, huku barabara ya Nyerere, na naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako niseme kwamba hiyo siyo ishu. Elimu ipo. Nenda kamuulize kibarua yeyote Vingunguti au Mabibo anaitwa nani anayelipa mtu akikatwa kidole na mashine, atakwambia ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, wengine watakutajia kifupi chake WCF kabisa. Wanaujua. Wasichokuwa nacho ni uhakika wa kuwa kazini mwezi unaofuata wakishadai, basi.

Nianze na kinachofanya kazi ili nisionekane nalalamika tu. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ni ya 2008, Mfuko ukaanza kukusanya michango Julai 2015 na mafao yakaanza kulipwa mwaka uliofuata. Michango yote anatoa mwajiri, haitakiwi hata shilingi itoke kwenye mshahara wako. Hizi sekta binafsi walikuwa wanatoa asilimia 1 ya mishahara, ikashushwa hadi 0.6 kisha 0.5 kuanzia 2022, yaani kwa mtu anayelipwa laki tatu mwajiri anatoa shilingi 1,500 kwa mwezi. Ukiumia unatibiwa, ukiwa nje ya kazi unalipwa asilimia 70 ya mshahara mpaka miezi 24, ukibaki na ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 unapewa hela ya mkupuo, ukizidi hapo ni pensheni ya kila mwezi. Na haiulizwi sana ilikuwa kosa la nani. Mimi nimeona watu wamelipwa, siyo hadithi, na wengine wamelipwa vizuri kuliko walivyotarajia.

Sasa tatizo linaanzia hapa. Taarifa ya ajali inapita kwa mwajiri. Yeye ndiye anapeleka taarifa Mfuko, yeye ndiye anathibitisha kwamba ulikuwa zamu, kwamba mshahara wako ni kiasi fulani, kwamba mashine ilikukata kweli na hukujikatia nyumbani na panga. Kwa hiyo kabla hujafika kwa mtu wa kukulipa inabidi umuombe mtu ambaye ana uwezo wa kukuacha. Hapo ndo watu wanapiga hesabu, na hesabu yao siyo ya kijinga hata kidogo, maana hela ya kidole ni mara moja na kibarua ni kila wiki.

Kuna kijana tulikuwa naye upande wa vifungashio, mashine ilimchukua vidole viwili vya mkono wa kushoto usiku. Supavaiza alimpeleka dispensari ya jirani, wakamfunga, akaambiwa kampuni itamgharamia yenyewe asihangaike na makaratasi. Ukisikia hiyo kauli ya asihangaike na makaratasi ujue kuna kitu. Sisi tawi tukashikilia taarifa iende, ikaenda, na haki yake akapata baada ya muda. Ila mkataba wake ulikuwa wa miezi mitatu mitatu na alikuwa ameshaongezewa zaidi ya mara moja, ulipofika mwisho wenzake wote wa laini ile wakaitwa kusaini upya yeye akaambiwa asubiri atapigiwa simu. Nilipoenda kwa mtu wa HR kuuliza akanijibu kwa upole kabisa, "hatujamfukuza, mkataba umeisha." Ukitafuta barua ya kuachishwa hupati, sababu hakuna aliyeachishwa ati.

Kilichofuata ndicho kilichoniuma zaidi na ndicho ambacho hao wa majukwaani hawakioni. Baada ya hapo akaungua dada mmoja mkono na gundi ya moto, akaufunga kitambaa akavaa glavu juu na akamaliza zamu. Nilijua kwa kuambiwa na rafiki yake na hata nilipomfuata alikataa katakata, akaniambia kaka mimi nina watoto. Sasa huyo anahitaji semina gani? Yeye alishapata semina, aliipata siku ile wenzake wanaitwa kusaini na yule kijana haitwi.

Watu huwa wananiuliza, lakini mwajiri anapoteza nini kama anayelipa ni Mfuko? Swali zuri na nilikuwa najiuliza pia, maana mchango ni ule ule atoe taarifa asitoe. Jibu ni kwamba taarifa inaita wageni. Ajali ikiandikwa wanaweza kuja OSHA, wale wakaguzi wa serikali wa usalama na afya kazini, kuuliza kwa nini mashine haina kinga, nani alimfundisha huyu kuiendesha, mbona zamu ni masaa mengi. Mfuko nao utaangalia majina na mishahara iliyopelekwa, na hapo ndipo baadhi yao jasho linawatoka kwa sababu vibarua nusu hawamo kwenye orodha, au wamo kwa mshahara wa kuandikwa tu. Halafu kuna vile vibao vya getini vinavyohesabu siku bila ajali, meneja anavipenda sana vile na supavaiza anajua siku kibao kikirudi sifuri ataitwa yeye. Na mwisho kabisa, tusidanganyane, mtu wa vidole vinane laini inamuona ni mzito wakati nje ya geti kuna vijana wamejaa tangu alfajiri wanasubiri kuitwa.

Sheria inasemaje? Inasema vizuri tu, hilo ndo la kushangaza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 37, inataja sababu ambazo siyo halali kumwachisha mtu kazi na mojawapo ni kwamba ametumia haki aliyopewa na sheria hiyo au sheria nyingine yoyote. Fidia ni haki chini ya sheria nyingine, kwa hiyo kumwondoa mtu kwa kuidai ni kosa. Ulemavu nao umetajwa hapo hapo. Kifungu cha 36 kinakwenda mbali zaidi, kinahesabu kutoongeza mkataba kama ni kuachishwa kazi pale mfanyakazi alipokuwa na matarajio ya msingi kwamba ataongezewa, na mtu aliyeongezewa kila mara na wenzake wa laini moja wameongezewa mi naona matarajio anayo. Kifungu cha 39 kinambebesha mwajiri mzigo wa kuthibitisha kwamba alimwachisha kwa haki. Kuna na kanuni za mwaka 2007 zinazomtaka mwajiri kabla hajamtoa mtu kwa kushindwa kazi kiafya aangalie kwanza kazi nyingine anayoweza kufanya, na kama aliumia hapo hapo kazini basi ajitahidi zaidi ya kawaida. Na likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara, kwa hiyo kukaa kitandani wiki tatu siyo utoro.

Ukisoma hivyo unasema basi tumeshapona. Subiri. Hiyo sehemu nzima ya kuachishwa isivyo halali, kwa kifungu cha 35, haimgusi mwenye chini ya miezi sita kwa mwajiri yule yule. Sasa nani anaumia zaidi kiwandani kama siyo mgeni ambaye hajaizoea mashine? Ni kweli sheria imeandika miezi sita iwe ni kwa mkataba mmoja au zaidi, kwa hiyo mitatu na mitatu inajumlishwa, hili vibarua wengi hawalijui na hapo nakubali elimu inahitajika. Lakini wajanja wanalijua, ndo maana unaambiwa upumzike nyumbani wiki mbili katikati ukirudi unasaini kama mtu mpya. Wengine wanaajiri kupitia wakala, ukiumia kiwanda kinasema huyo si wetu, wakala anasema sisi tunatoa watu tu mambo ya mashine waulize wenyewe, na wewe uko katikati na bandeji yako.

Halafu kuna siku 30. Ukiachishwa una siku 30 za kupeleka mgogoro CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mtu ana chuma mguuni yuko wodini MOI, hospitali ya mifupa pale Muhimbili, au karudishwa kwao Singida kuuguzwa na mama yake, hajui hata kama ameachishwa maana aliambiwa asubiri simu, siku 30 zinapita ndiyo anashtuka. Unaweza kuomba kuongezewa muda ndio, ila inabidi uwe na sababu nzuri na uandike na uende na urudi, na yule wa upande wa pili ana wakili anayelipwa kukaa pale. Mwajiri hana haja ya kushinda kesi, akingoja tu imetosha.

Kwa upande wao waajiri nao wana lao, na siyo wote wabaya. Mwenye karakana ya watu watano hawezi kumweka fundi asiyeweza kushika kitu milele, sheria yenyewe inamruhusu kufika mwisho kama utaratibu umefuatwa na daktari amesema. Na wapo wanaovunjika kwenye mpira Jumapili halafu Jumatatu wanakuja kuangukia mlangoni, tunawajua. Lakini hao Mfuko una madaktari na wachunguzi wa kuwabaini, siyo sababu ya kumwadhibu aliyeumia kweli.

Ninachotaka mimi ni kimoja na naomba wabunge wakisikie. Mtu akishatoa taarifa ya ajali, kuondoka kwake kazini kwa namna yoyote ndani ya mwaka mmoja, iwe kufukuzwa, iwe mkataba kuisha, iwe ana miezi miwili tu kazini, ihesabiwe kuwa ni kwa sababu ya dai lake mpaka mwajiri athibitishe vinginevyo. Yaani asiambiwe tu mkataba umeisha, aonyeshe kazi yenyewe imeisha, na kama kesho yake kaweka mtu mwingine kwenye mashine ile ile basi ajibu. Na zile siku 30 zianze kuhesabiwa daktari akishamruhusu mgonjwa, siyo wakati yuko na dripu. Siyo kitu kigeni kuangalia kibarua kwa macho haya, Kenya kwenye sheria yao ya ajira ya 2007 kibarua akifanya kazi mfululizo ikafika mwezi anahesabiwa kuwa na mkataba wa mshahara wa mwezi hata kama mwajiri anamwita wa kutwa. Sisi tunashindwa nini kusema aliyeumia haondoki kimya kimya?

Wakati tunasubiri bunge, vyama vya wafanyakazi waache kuridhika na fulana za Mei Mosi. Kwenye mikataba ya hali bora, ile chama kinayosaini na mwajiri, tunajadili nauli, chakula, sabuni, jeneza na sanda, lakini kifungu kwamba aliyeumia kazini anarudi kazini sijakiona kwenye rasimu nyingi nilizopitia. Kinaweza kuwekwa hata kesho, hakihitaji bunge. Sisi kwetu tulikipeleka mezani na menejimenti wakasema watakiangalia, hiyo ni kabla sijastaafu.

Na kwa Mfuko wenyewe nina ombi, na nalitoa kwa heshima kwa sababu kazi wanafanya. Dai likifika kwenu nakala iende kwa afisa kazi wa eneo husika siku hiyo hiyo, ili mwajiri ajue kuna mtu wa tatu anaangalia. Pia mtumieni mfanyakazi ujumbe kwenye simu yake mara taarifa yake inapopokelewa, asitegemee kuambiwa na supavaiza kwamba imeenda kumbe iko kwenye droo. Kisha kwenye taarifa zenu za mwaka, pale mnapoandika mmelipa wangapi na mabilioni mangapi, ongezeni mstari mmoja tu: kati ya waliolipwa mwaka jana, wangapi bado wako kwenye kazi ile ile leo. Simu zao mnazo, wapigieni.

Opereta mstaafu,
Vingunguti, Dar es Salaam