Owino Uhuru: Fidia ilipwe, lakini udongo na visima navyo visafishwe

Mhariri,

Mahakama ya Juu ilipoamua mwezi Desemba mwaka 2024 kuwarejeshea wakazi wa Owino Uhuru, mtaa ulio katika eneo la Mikindani, Mombasa, fidia ya shilingi bilioni 1.3 kwa kudhuriwa na risasi, yaani madini yenye sumu (lead), kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri, fidia waliyokuwa wamepewa na Mahakama ya Mazingira na Ardhi mwaka 2020, kisha ikatenguliwa na Mahakama ya Rufaa mwaka 2023, mazungumzo ya wengi yaligeukia fedha: nani atalipwa, kiasi gani, na lini. Wana haki ya kuuliza hivyo. Lakini hukumu ya mwaka 2020 ilikuwa na sehemu nyingine ambayo naona inasahaulika, nayo iliwaamuru washtakiwa kusafisha udongo na maji na kuondoa taka za kiwanda katika muda wa miezi minne, la sivyo zitolewe shilingi milioni 700 za kuifanya kazi hiyo. Miezi hiyo minne ilipita huku kesi ikipanda ngazi za rufaa.

Kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za magari kilianza kazi pale mwaka 2007 na kufungwa mwaka 2014, baada ya wakazi wakiongozwa na Bi. Phyllis Omido, ambaye mtoto wake mwenyewe alikutwa na sumu hiyo mwilini, kupiga kelele kwa miaka kadhaa. Kufungwa kwa kiwanda hakukuiondoa risasi iliyokwisha kutua. Madini haya hayaozi wala hayapungui makali kwa kukaa, na Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba hakuna kiwango chake katika damu kinachojulikana kuwa salama. Mtoto aliyezaliwa baada ya milango ya kiwanda kufungwa anaweza kudhurika ubongo kwa kucheza tu kwenye vumbi la uani kwao.

Kuhusu maji, ni vyema tuseme mambo kwa usahihi ili tusitie watu hofu wala kuwapa matumaini ya bure. Kwa kawaida risasi hushikamana na udongo wa juu na haizami upesi, ndiyo maana vumbi huwa njia yake kuu ya kuwafikia watoto. Tatizo ni kwamba betri zina tindikali, na tindikali huilegeza risasi ikaweza kusafiri na maji; tena kisima kifupi kisichojengewa ukingo hupokea kila kinachosombwa na mvua za masika. Katika mji ambao mifereji hukauka mara kwa mara na watu hutegemea visima, hilo si jambo dogo. Kuyachemsha maji hakuondoi risasi, bali huizidisha kidogo kwa kuwa maji hupungua nayo hubaki, na dawa ya klorini haiigusi kabisa. Njia ya kujua ni kupima, na kila kisima kipimwe peke yake, kwa sababu visima viwili vilivyo karibu vinaweza kuwa na maji tofauti kabisa.

Wanaodhani kazi hii inaweza kungoja waitazame Hinkley, mji mdogo wa jangwani huko California, Marekani. Kati ya mwaka 1952 na 1966 kampuni ya gesi na umeme ya PG&E ilimwaga maji yenye kromiamu, madini mengine yenye sumu, katika mabwawa ambayo hayakuzibwa chini. Mwaka 1996 wakazi walilipwa dola milioni 333, malipo yaliyosifika dunia nzima. Hata hivyo maji ya chini ya ardhi hayakusafishika kwa malipo hayo: mwaka 2015, karibu nusu karne tangu umwagaji huo ukome, mamlaka ya maji ilikuwa bado inatoa amri mpya ya usafishaji. Huko huvuta maji kwa pampu na kumwagilia mashamba ya majani ya mifugo, na hutia kileo ardhini ili vijidudu vigeuze kromiamu kuwa ya aina isiyo hatari sana. Ni kazi ya miongo, na shule ya mji huo ilifungwa kabla haijamalizika. Risasi ya Mikindani ingali inashikika kwa sepetu. Tusiiache mpaka ihitaji pampu.

Wala tusiambiwe kwamba jambo hili haliwezekani barani Afrika. Katika jimbo la Zamfara, Nigeria, ambako risasi iliua watoto zaidi ya 400 mwaka 2010, vijiji vilisafishwa ua kwa ua: udongo wa juu ulikwanguliwa, ukazikwa mahali maalumu, ukaletwa udongo safi wa kufunika. Madaktari kule walisisitiza kwamba nyumba zisafishwe kabla ya kuanza matibabu, kwa kuwa kumtibu mtoto na kumrudisha kwenye vumbi lile lile ni kazi bure.

Kwa hiyo naiomba Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, pamoja na serikali ya Kaunti ya Mombasa, zitangaze mpango wenye tarehe. Udongo ulowanishwe kabla ya kuchimbwa na malori yafunikwe, maana usafishaji wa ovyo ungetimua vumbi na kuwadhuru watu upya. Udongo huo usitupwe kwenye jaa la taka la Mwakirunge, ambako wapo maskini wanaookota taka ili wapate riziki. Familia zitakazohamishwa kwa muda zilipiwe kodi na zihakikishiwe kwa maandishi kwamba zitarudi kwao, na wakati wote huo zipewe maji safi bila malipo. Ibara ya 42 ya Katiba inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na Ibara ya 43 haki ya maji safi ya kutosha.

Matokeo ya vipimo vya visima yaandikwe kwa Kiswahili na kubandikwa kwa chifu, misikitini na makanisani, kila kisima na kiwango chake kwa kulinganishwa na kikomo cha Shirika la Afya Duniani cha mikrogramu 10 za risasi kwa lita, ili mama anayeteka maji ajue anachowanywesha watoto wake.

Msomaji wako,
Changamwe, Mombasa