Mwanangu, hiyo "hapewi pasi" nimeichoka

Dar, Jumamosi 24 Mei 2025

Oya mwanangu,

Vipi huko Mwanza, bi mkubwa mzima? Najua toka Jumatano usiku, Man United yetu ilipofungwa na Spurs (Tottenham) fainali ya Europa League, hupokei simu na wala sikulaumu, mimi mwenyewe Alhamisi nilizima data nikakaa kimya maana hao jamaa wa Arsenal walishaanza, na kombe lenyewe hawana, ila mdomo wanao aisee. Sasa nakuandikia hivi ili usinikatishe, sababu kwenye simu kila nikimtaja straika wetu Højlund tu unaanza "hapewi pasi, hapewi pasi".

Haya, hapewi pasi. Hilo nakupa. Lakini hizo chache anazopewa anazifanyia nini? Mpira unatoka nyuma, unamkuta kaipa goli mgongo, beki kamganda, hapo straika unauweka chini unasubiri wenzako wapande si ndio, yeye unamdunda unaenda zake kwa adui, af anajitupa chini anamwangalia refa. Refa kashageuka. Na utaona hicho kitu kila mechi mpaka unajua kabisa kabla mpira haujamfikia! Fainali ile nafasi moja ya ukweli aliyopata ni pale kipa wa Spurs Vicario alipoutema mpira, kichwa kakipiga poa tu, beki wao Van de Ven karuka kinyumenyume kautoa kwenye mstari. Hiyo simlaumu, ilikuwa bahati mbaya tupu. Ila mtu kanunuliwa pauni milioni 64 hapo bado nyongeza, ligi tumecheza mechi 37 ana magoli 4. Manne! Na toka Desemba mpaka mwezi wa 3 tulivyokutana na Leicester kapita mechi 21 bila goli, na wewe umeenda Kariakoo umenunua jezi yake namba 9, tena ukaongeza hela ya kuandikwa jina.

Ila ujue dogo ana miaka 22, nikikaa nikitulia namuonea huruma kidogo. Anayenitoa povu ni kocha Amorim.

Hivi unakumbuka mechi ya Crystal Palace mwezi wa 2 pale nyumbani Old Trafford? Højlund benchi, straika mwenzake Zirkzee benchi, mbele kasimama Mainoo. Kiungo! Mtoto wa watu anayejua kuuficha mpira katikati ya uwanja, ukampeleka akapambane na mabeki wa Palace waliojaa kifua, tukapigwa 2-0, straika wao Mateta zote mbili. Mimi kikosi kilipotoka nilidhani kuna mtu katania kwenye grupu. Sasa kama hao mastraika wako huwaamini kiasi hicho sema wazi, leta mtu Januari, usimtoe kafara Mainoo. Na ikifika fainali huyohuyo Mainoo uliyemwamini kuwa namba 9 unamuingiza mpira unaisha, hata jasho hajatoka.

Af winga wetu Garnacho. Tunafungwa toka dakika ya 42, goli lenyewe la kugongana gongana pale na beki wetu Shaw, Spurs wamerudi wote nyuma hawataki tena kucheza mpira, tunahitaji mtu wa kukimbia na mpira awavuruge, kocha anasubiri mpaka dakika ya 71 ndio amuingize. Mwishoni beki Maguire ndio anakuwa straika, sababu ile mechi ya Lyon alimpeleka mbele akafunga, ilimlipa basi ikawa ndio mpango kabisa.

Utaniambia kaja Novemba kakuta kikosi sio chake. Kweli. Mfumo wake wa 3-4-2-1 unataka mabeki wa pembeni wenye mapafu, yeye kakuta hana, Dalot mtu wa mguu wa kulia kapelekwa kushoto mpaka Dorgu alivyokuja. Sasa ukiona nguo haikutoshi si unaiacha? Yeye kashasema sistimu haibadiliki, na Spurs ambao wenyewe wako wa 17 wametufunga mara 4 msimu mmoja, 3-0, 4-3, 1-0, 1-0, kwa timu ileile hujajifunza chochote?

Na jana usiku umeona? McTominay, yule tuliyemuuza agosti (hapo Amorim hayumo, hiyo ni dhambi ya waliomtangulia), kampiga Cagliari bonge la goli la hewani, Napoli bingwa wa Italia. Nimecheka peke yangu kama chizi.

Kesho saa 12 jioni tunafunga na Villa, wao wanaitaka Champions League, sisi pointi 39 tunapambana Spurs wasitupite tukawa wa 17. Ulaya mwakani hakuna, Alhamisi wala Jumatano, utapata muda wa kulala mapema. Mimi nitaangalia, najijua. Washa simu basi, na ukinitajia pasi tena mapumziko nakata.

Mwanao wa Mbagala